Barua ya wazi kwa wenye dhamana: supu ya moto haina mahali kwenye mfuko wa nailoni

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Afya, Viwanda na Biashara, Mazingira, na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Kwa viongozi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Na kwa wakurugenzi wa halmashauri zote za Tanzania Bara.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mpishi. Napika wali, maharage, samaki na supu, nauza Temeke, na wateja wangu ni mafundi gereji, madereva wa bodaboda na kina mama wa sokoni wasioweza kuziacha meza zao kwenda kula. Nawaandikia juu ya jambo linalopita mbele ya macho yetu sote kila siku, na ambalo sioni nani hasa analisimamia: chakula cha moto kumiminwa kwenye plastiki ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya moto, na mara nyingine haikutengenezwa hata kwa ajili ya chakula.

Tuanze na supu ya asubuhi. Mteja ana haraka na hana bakuli. Muuzaji anachomoa kimfuko chembamba cha nailoni, kile kinachoonyesha ndani, anakipuliza kifunguke, anamimina upawa wa supu iliyokuwa inatokota muda huo huo, anakamulia ndimu, anatia pilipili na kupiga fundo. Mfuko unalegea mkononi, kwa hiyo anauvika mwingine kwa nje. Mteja anaondoka ameushika juu kwenye fundo kwa sababu chini hapashikiki. Supu itakaa humo mpaka afike kazini, labda nusu saa, labda zaidi kama foleni ya Mbagala imeamka vibaya. Ina mafuta, ina ndimu, ni ya moto, na imekaa. Mtaalamu wa maabara akitaka kujua plastiki inaweza kutoa kemikali kiasi gani, hayo manne ndiyo anayoyatafuta: joto, mafuta, uchachu na muda. Sisi tunayaweka yote kwenye kifungua kinywa kimoja.

Sababu yake inaeleweka hata na sisi ambao hatukufika chuo. Plastiki ni minyororo mirefu sana ya molekuli, na kiwandani huchanganywa na viungio vya kila aina: vya kuilainisha, vya kuipa rangi, vya kuizuia isikatike juani. Vingi vya viungio hivyo havikuunganishwa na minyororo yenyewe. Vimekaa katikati yake, na vikipata joto vinahamia kwenye chochote kilichogusana na plastiki. Ripoti ya mradi wa utafiti uitwao PlastChem, iliyotoka mwaka 2024, ilihesabu kemikali zaidi ya 16,000 zinazohusiana na plastiki, na zaidi ya 4,200 kati ya hizo zikaorodheshwa kuwa za kutiliwa wasiwasi kwa afya au kwa mazingira. Hakuna anayesema zote zimo kwenye mfuko mmoja wa supu. Lakini muuzaji hajui zipi zimo, mteja hajui, na aliyeuza mfuko kwa jumla naye hajui.

Kuna zinazojulikana vizuri zaidi. Bisfenoli A, inayotumika kutengeneza plastiki ngumu inayoangaza kama kioo na utando wa ndani wa makopo ya bati, inaingilia kazi ya homoni mwilini. Mwezi Aprili 2023, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila wasiwasi kutoka mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili hadi nanogramu 0.2. Huko ni kushuka mara 20,000 kwa mpigo mmoja. Kisha Umoja huo ukaipiga marufuku kwenye vitu vinavyogusana na chakula, kwa sheria iliyoanza kazi Januari 2025, huku viwanda vikipewa muda wa kujirekebisha. Kwenye chupa za kunyonyeshea watoto walikuwa wameshaiondoa tangu 2011, na Kanada iliwatangulia.

Zipo fithaleti, zinazolainisha plastiki, ambazo watafiti wamezihusisha na matatizo ya uzazi na ya ukuaji wa watoto wa kiume tangu tumboni. Ipo stirini, malighafi ya vile vyombo vyeupe vya povu tunavyowekea chipsi na kuku. Mwaka 2018, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliipandisha stirini hadi kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli, wanaoipata kwa wingi ni wafanyakazi wa viwandani wanaoivuta kwa pumzi, na kiasi kinachotoka kwenye chombo kwenda kwenye chakula ni kidogo kwa kulinganisha. Nalisema hilo wazi kwa sababu sitaki barua hii itie watu hofu isiyo na kipimo. Nataka kipimo kiwepo, na kiwe chetu.

Na zipo chembe zenyewe za plastiki. Mwanzoni mwa 2024 watafiti wa Marekani walipima maji ya chupa ya kampuni tatu wakakuta kwa wastani vipande 240,000 katika lita moja, vingi vikiwa vidogo kuliko vile vilivyokuwa vinaonekana kwa vipimo vya zamani. Machi mwaka huo huo, madaktari wa Italia walitoa matokeo ya wagonjwa 257 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo. Zaidi ya nusu walikutwa na chembe za plastiki ndani ya mafuta hayo. Katika muda wa takriban miaka mitatu, waliokutwa nazo walikuwa na hatari ya kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa mara nne na nusu hivi kuliko wasiokutwa nazo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyowaua. Lakini aina iliyoonekana kwa wingi zaidi ilikuwa polithini, na polithini ndiyo inayotengeneza mifuko, hata hii tunayoiita nailoni.

Sasa nirudi mtaani, maana huko ndiko ninakokujua.

Chipsi zinatoka kwenye karai la mafuta ya moto kuliko maji yanayochemka, zinachujwa kidogo tu, zinaingia mfukoni. Mkisimama karibu mtaona upande wa mfuko uliogusana na chipsi ukisinyaa na kujikunja. Hapo hapahitaji maabara. Juu yake inamiminwa tomato na kachumbari yenye siki. Mihogo na maandazi yenye bahati hufungwa kwenye gazeti au karatasi za mitihani za wanafunzi, na wino unabaki kwenye mafuta ya andazi. Nalitaja hilo mapema ili asitokee mtu wa kutushauri turudi kwenye magazeti.

Kwenye masufuria ya wali, wapishi wengi tunapalia kwa nailoni. Maji yakishakauka, mpishi anatandaza mfuko juu ya wali, anaupachika pembeni ili mvuke usitoroke, anaweka mfuniko na makaa juu yake. Wali unaiva vizuri, lazima nikiri, kwa sababu mvuke wote unabaki ndani. Lakini mvuke huo unagonga nailoni, unakuwa matone, na matone yanarudi kwenye wali tunaoupakua. Uganda nako wengi wamebadilisha majani ya mgomba kwa kavera, yaani mifuko ya plastiki, kwenye matoke, kwa hiyo jambo hili si la Temeke peke yake. Jani la mgomba lilifanya kazi ile ile. Mjini halipatikani kirahisi, na mfuniko unaobana sawasawa unahitaji sufuria ambayo haijabonyea. Sufuria zetu zimebonyea.

Halafu ndoo za rangi. Tembeeni soko lolote la Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza. Ndoo ya lita 20 iliyokuja na rangi ya nyumba inaoshwa kwa mafuta ya taa na sabuni, kisha inabeba maji ya kunywa, achari, unga wa chapati uliokandwa, samaki wa kukaanga. Sado la kupimia nyanya na mchele limetoka huko huko. Mapipa ya bluu yaliyoingia nchini na kemikali za viwandani yanauzwa kando ya barabara, na familia zinayanunua ya kuhifadhia maji kwa sababu bomba linatoka kwa mgao. Vijijini kuna jambo baya zaidi: galoni la dawa ya shambani linasuuzwa, linabebea maziwa au mafuta ya kupikia. Plastiki hunyonya kilichokaa ndani yake, na sabuni hufika kwenye uso tu. Ndiyo maana dumu lililobeba mafuta ya taa linaendelea kunuka baada ya mwezi wa kuoshwa.

Shuleni, mtoto anaambiwa aje na chombo cha uji. Anakuja na kopo la siagi, au kikombe cha plastiki kilichokwaruzika, au chupa ya maji iliyokatwa shingo. Uji wa moto unamiminwa humo. Huyu ndiye ambaye mwili wake bado unajengwa, na kwa uzito wake mdogo anapata sehemu kubwa kuliko mimi nikila kitu hicho hicho. Mkitaka kujua pa kuanzia, nawaomba muanzie kwake.

Waheshimiwa, sisemi kwamba nchi yetu imelala. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na mitaro yetu iliona tofauti. Miaka miwili kabla yake, Machi 2017, pombe ya viroba, ile kali ya kwenye vifuko vidogo vya plastiki, iliondolewa sokoni, na watu waliosema haiwezekani wakaona imewezekana. Mkiamua, mnaweza. Hilo ndilo linalonipa moyo wa kuandika.

Lakini kanuni za 2019 ziliitazama plastiki kama taka. Ziliuliza mfuko utaishia wapi ukishatupwa. Vifungashio vya bidhaa za viwandani, vya kilimo na vya usindikaji wa chakula viliachwa nje ya katazo, na ilikuwa na maana viachwe: maziwa ya pakiti yanahitaji kifungashio, na mifuko isiyopitisha hewa imeokoa mahindi ya wakulima wengi dhidi ya dumuzi. Kupitia mwanya huo, vile vimfuko vyembamba visivyo na mikono vikawa ndio wabebaji wapya wa kila kitu. Mwaka 2021 NEMC ilibidi itoe tangazo jingine dhidi ya vifungashio visivyokidhi viwango vinavyotumika kama vibebeo. Bado swali lilikuwa la kubeba na kutupa. Mfuko unaifanya nini supu, hilo halikuulizwa.

Mwezi mmoja tu baada ya katazo, kuanzia 1 Julai 2019, kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda TBS. Kwa bidhaa ya kiwandani njia ni fupi: ina lebo, ina nembo, ina mwenyewe. Chakula changu hakina lebo. Kinakaguliwa na bwana afya wa kata, ambaye anaangalia kama nimevaa kofia, kama nina cheti cha kupimwa afya, kama maji ya kunawa yapo. Ni mambo ya msingi na nayaheshimu. Mfuko nilionao mkononi hauulizi. Anayehusika na mazingira anauona ni taka ya baadaye, anayehusika na viwango anausubiri kiwandani, anayehusika na afya anaangalia sufuria. Kati ya hao watatu mfuko wa supu unapita salama, mamilioni ya mara kwa mwaka.

Na inapotokea operesheni, inaanzia kwetu. Mwenzangu anayeuza chipsi aliwahi kutozwa faini kwa vifungashio alivyonunua dukani mchana kweupe, duka lenye leseni, na duka lile lilifunguliwa kesho yake kama kawaida. Kanuni za 2019 zenyewe zilipanga adhabu kwa ngazi: mtu anayekutwa na mfuko uliokatazwa faini yake inaanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, na mtengenezaji au mwagizaji inaanzia milioni 20 hadi bilioni moja. Ngazi hiyo ni ya haki ikipandwa. Mnapokaa chini kwenye ngazi, mnaomkuta ni mama mwenye meza na jiko la mkaa.

Nendeni Kariakoo kama wanunuzi, bila msafara. Ulizeni dukani: chombo hiki kinahimili chakula cha moto? Mtajibiwa, "Hii ngumu, mama, haipasuki." Ugumu ndio kipimo pekee alichonacho muuzaji, na simlaumu, maana hakuna aliyempa kingine. Chini ya chombo kuna pembetatu ndogo yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, ambayo inavumilia joto kuliko nyingi. Namba 6 ni polistirini, ile ya vyombo vya povu. Namba 1 ni ile ya chupa za maji, inayolegea ukiimiminia chai. Vingine vina alama ya glasi na uma, maana yake vimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Vingi havina alama yoyote. Nani alitufundisha kusoma hayo? Mimi nilisoma mwenyewe kwenye simu, usiku, na siamini kwamba afya ya mteja inapaswa kutegemea kama mpishi wake ana bando.

Ninachoomba kwanza ni maandishi ya Kiswahili. Kila chombo na kila mfuko unaouzwa kwa ajili ya chakula uandikwe kwa herufi zinazosomeka: KWA CHAKULA CHA MOTO, au SI KWA CHAKULA CHA MOTO. Ambacho hakikuandikwa kisiuzwe kwenye maduka ya vifungashio vya chakula. Hilo ni jambo la kiwandani na bandarini, na bwana afya wa kata atapata kitu cha kukagua bila kuhitaji maabara. Plastiki iliyorejelewa bila kujulikana ilitoka wapi ikatazwe kabisa kugusa chakula. Ulaya hairuhusu plastiki iliyorejelewa kwenye chakula mpaka njia ya kuirejeleza iwe imekubaliwa, na sioni kwa nini tumbo la Mtanzania lipewe ulinzi mdogo zaidi.

TBS wanunue sampuli mitaani, vimfuko vya supu, vyombo vya povu, chupa za watoto, yale madumu makubwa ya maji ya ofisini yanayokaa juani nyuma ya bajaji, wavipime kwa mafuta ya moto na kwa siki, na matokeo yatangazwe pamoja na majina ya waagizaji. Maabara zipo na wataalamu wapo. Kuhusu chupa za kunyonyeshea zenye bisfenoli A, sioni hata cha kusubiri: wengine walishaondoka huko zaidi ya miaka kumi iliyopita, na soko lililobaki wazi ndilo linalopokea mabaki.

Viwanda vya rangi na wasambazaji wa kemikali waandikiwe sharti la kuchapa onyo la Kiswahili kwenye ndoo na mapipa, tena liwe la kuchongwa ndani ya plastiki yenyewe, maana karatasi hubanduliwa siku ya kwanza. Ndoo ikiwa na thamani ikirudishwa kiwandani, kama chupa ya soda inavyorudishwa kwenye kreti, haitafika kwenye achari.

Vyombo vya povu navyo vina mfano karibu. Zimbabwe ilivipiga marufuku mwaka 2017, na Jimbo la Lagos, Nigeria, lenye wauza chakula wengi, likafanya hivyo Januari 2024. Lagos watu walilalamika kwamba muda ulikuwa mfupi mno na mbadala haukuandaliwa. Tujifunze yote mawili kutoka kwao. Chombo cha karatasi ngumu leo kinakula faida yote ya sahani ya wali maharage. Punguzeni kodi kwenye vyombo salama kabla ya kukataza vibaya, ili bei zikaribiane. Wahamasisheni wateja waje na hotipoti na mabakuli yao. Mimi anayekuja na bakuli namwongezea mchuzi, na wapo wanaokuja nalo. Kwa shule, kikombe cha chuma kwa kila mtoto anayekunywa uji ni gharama ya mara moja kwa miaka mingi. Halmashauri zinazopanga bajeti za madawati zinaweza kupanga na hiyo.

Najua mtatuita kwenye kikao cha wadau kabla ya kuandika kanuni mpya. Ndivyo inavyokuwa. Vikao hivyo kawaida huanza saa tatu asubuhi, hotelini, na wanaofika ni wenye viwanda na waagizaji, kwa sababu saa tatu sisi tuko kwenye moto. Kiitisheni saa kumi jioni, kwenye ofisi ya kata yenye viti vya kutosha, waje mama lishe, baba lishe, wauza chipsi na wauza vifungashio wa rejareja. Tutakuja tumeshaosha masufuria, na kila mmoja ataleta vifungashio anavyotumia ili mvione na mviandike.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpishi na muuzaji wa chakula,
Temeke, Dar es Salaam